Nyuzi za Kabati la Wodi

"Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Kebo ipi?"

"Hiyohiyo uliyosema."

Bi Nyuzi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la kebo la jengo la maabara, simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja umeshika kebo, mwingine kalamu. Ya kwake alikwishaichomoa, ile inayoliunganisha jengo la maabara na majengo mengine ya hospitali, akahesabu moja mpaka thelathini bila kuruka namba. Taa ndogo za kisanduku cha mtandao, ambazo tangu jana mchana zilikuwa zinapepesa zote kwa mpigo kama macho yaliyoingia pilipili, zilikuwa zimetulia. Moja inapepesa, inanyamaza. Ya pili inaitikia. Hivyo ndivyo taa zenye afya zinavyozungumza. Ugonjwa, basi, haukuwa maabara. Akaandika hivyo kwenye daftari lake, na saa akaiandika: saba na dakika kumi.

"Haya, Injinia. Niambie, taa za huko kwako zinafanyaje?"

"Zinawaka."

"Najua zinawaka. Zinawakaje?"

"Kama taa."

"Zinapepesa zote pamoja, au kila moja kwa wakati wake?"

"Kitaalamu," alisema Injinia kutoka jengo la wodi, "tunaweza kusema zinapepesa."

Bi Nyuzi akafumba macho, akayafumbua. "Ulihesabu thelathini?"

"Thelathini nini?"

"Sekunde."

"Aa! Mimi nimechomoa nikarudisha palepale. Si ndiyo kuzima na kuwasha?"

"Siyo kuzima na kuwasha. Chomoa kebo yenye uzi wa buluu, iache nje, hesabu thelathini, ndipo uangalie taa. Ukiirudisha hapohapo umekuwa kama muuguzi anayemwekea mgonjwa kipimajoto na kukitoa kabla hakijagusa kwapa."

"Sawa, dada. Usikasirike."

"Sijakasirika."

Alikuwa amekasirika. Alikuwa na kilema kimoja kilichomponza maisha yake yote: wenzake wakikasirika sauti hupanda, yake hushuka. Kadiri damu ilivyomchemka ndivyo alivyonong'ona, na watu wakamwona mpole.

Akasikia Injinia anahesabu kwa sauti. Ilipofika kumi na saba akaruka mpaka ishirini na tano.

"Tayari. Hakuna mabadiliko. Zinapepesa vilevile."

"Una hakika ni ile ya uzi wa buluu?"

Injinia akakohoa. "Ndiyo hiyo."

Bi Nyuzi akaandika: *Wodi: hakuna mabadiliko.* Halafu, kwa mazoea ya miaka, akaongeza kwenye mabano: *kwa maneno ya Injinia.* Akarudisha kebo yake, akajikung'uta magoti, akainuka.

Jina la Injinia hakupewa na mtu, alikuja nalo. Siku ya kwanza kazini alipoulizwa aitwe nani alijibu, "Injinia inatosha," akakaa. Alivaa tai siku zote tano, na juu ya meza yake, mahali ambapo wengine huweka picha za watoto, aliweka stashahada yake kwenye fremu. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wakubwa, alikuwa wa kwanza kuchangia msiba. Ila kebo alikuwa anaziogopa kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani: anamsifu akiwa mbali.

Bi Nyuzi hakuwa na cheti cha kuweka kwenye fremu. Aliingia hospitalini hapo akiwa karani wa masjala. Siku moja kisanduku kizima cha mtandao, chenye matundu manane, kilitupwa kwenye taka kwa kuwa kimekufa. Akakiomba, akaenda nacho nyumbani, akakifungua kwa bisibisi ya cherehani ya kaka yake. Kilikuwa hakijafa, kilikuwa kimeungua waya mmoja wa umeme. Usiku kwa usiku, na kitabu kisicho na jalada alichokinunua kwa muuza vitabu vya barabarani, akajifunza. Ikawa printa za masjala hazifi, kisha za jengo zima, kisha wakamhamishia kitengo cha kompyuta kwa mkataba wa mwaka mmojammoja. Mwaka huu ulikuwa wa tisa.

Nyuzi alizipata kwa kaka yake huyohuyo, fundi cherehani, aliyemwekea vibunda vilivyobaki. Kila kebo katika makabati matatu ya hospitali aliifunga uzi na kikaratasi chenye namba kwenye ncha zote mbili. Kijani ni kompyuta. Manjano ni printa. Buluu ni njia ya kutoka jengo hadi jengo. Nyekundu ni usiguse. Na kila namba ina mstari wake kwenye daftari: inaanzia wapi, inaishia chumba gani, ilifungwa lini. Watu walicheka, wakampa jina. Yeye alilipokea, akaendelea kufunga.

Jana, Jumatatu, hakuwepo. Alikuwa na ruhusa ya siku moja, amempeleka mama mkwe kliniki ya macho. Mtandao ulikufa mchana wa siku hiyo. Leo asubuhi alipofika, kabla hajaweka mkoba, mkuu wa kitengo alikuwa amewakusanya.

"Kesho saa tatu naingia kwa mkurugenzi," alisema mkuu, "na mkurugenzi hataki sababu. Sababu amechoka nazo. Anataka jina. Na mwenye jina hilo, mkataba wake mpya hausainiwi."

Aliposema jina alimtazama kila mtu. Aliposema mkataba alimtazama Bi Nyuzi peke yake. Ni kweli, katika kitengo kizima ni yeye tu aliyekuwa wa mkataba. Wenye vyeti walikuwa wameajiriwa, na mwenye kuajiriwa kumng'oa ni kama kung'oa kisiki.

*

Kwa kuwa maabara ni nzima, na wodi ni nzima kwa maneno ya Injinia, ugonjwa ulibaki jengo la utawala. Bi Nyuzi akaenda huko, kwenye chumba cha seva, akaanza kuchomoa kebo moja baada ya nyingine, thelathini, anaangalia, anarudisha, anaandika. Kebo ishirini na tano za jengo lenyewe; za buluu aliziacha, maana majengo mengine yalikuwa yamekwisha pimwa. Hakuna aliyemsaidia, ila mkuu wa kitengo alikuwa pembeni, na mkuu alikuwa na dawa yake.

"Tuizime tena tuiwashe," alisema, kidole kimekwisha fika kwenye kitufe cha seva.

"Bosi, tafadhali. Umeizima mara nane tangu jana."

"Na kila nikiizima na visanduku vyake, ikiwaka inafanya kazi."

"Inafanya kazi dakika tano."

"Dakika tano si haba, mama."

"Mtu anayezama naye akiibuka anavuta pumzi, bosi. Haina maana amejua kuogelea. Na maabara wanaandika majibu ya vipimo. Ukizima, yale ambayo hayajahifadhiwa..."

Tii! Seva ikazimika. Mara ya tisa.

Haikupita dakika mbili mlango ukasukumwa. Alikuwa dada wa maabara, glavu bado mkononi, macho mekundu.

"Nani amezima?"

Mkuu akawa anafuta kioo cha simu yake.

"Nauliza nani amezima! Nilikuwa nimeingiza majibu ya wagonjwa ishirini na mawili. Ishirini na mawili! Yamekwenda. Kuna mama kule wodini, daktari anasubiri damu yake tangu asubuhi, nakimbia na karatasi mkononi kama tarishi. Nyinyi ni mafundi au ni watoto wamepewa swichi ya taa?"

"Tunashughulikia, dada," alisema mkuu. "Fundi wetu huyu hapa yupo kazini." Akamwonyesha Bi Nyuzi, aliyekuwa sakafuni.

Dada wa maabara akamtazama Bi Nyuzi kwa namna ambayo mtu humtazama mwizi aliyekuwa akimwamini, akatoka. Bi Nyuzi alichomoa kebo ya kumi na tisa, akahesabu. Thelathini yake ikatoka ndefu kuliko kawaida.

Ilipofika saa tisa na robo alikuwa amemaliza zote ishirini na tano, na zote zilikuwa safi.

Akakaa kitako sakafuni, akafungua daftari, akarudi nyuma mstari kwa mstari. Maabara, safi: ameona mwenyewe. Utawala, safi: ameona mwenyewe. Wodi, safi... Kidole kikasimama kwenye mabano.

*Kwa maneno ya Injinia.*

Alifunga daftari, akapita mbele ya mkuu bila kuaga, akavuka uwanja wa hospitali kwa mwendo ambao walinzi wa getini, waliomzoea miaka tisa, hawakuwahi kuuona.

*

Kabati la wodi lilikuwa kwenye korido ya chini, karibu na ofisi ndogo ya wauguzi. Aliufungua mlango, akabaki ameshika kitasa.

Lilikuwa limenyolewa. Kebo, zote za kijivu, zimelazwa na kuchanwa kama nywele za mtoto wa shule siku ya kupiga picha, zimebanwa kwa vibanio vya plastiki kila baada ya shubiri moja. Hakuna uzi. Hakuna kikaratasi. Matundu arobaini na nane na yote yamejaa, hata moja halikuachwa wazi. Na juu yake taa zote zinapepesa kwa mpigo mmoja, pa, pa, pa, kama kichaa anapiga makofi.

Injinia alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya ile ofisi, anakunywa soda.

"Umeona?" alisema, akasimama kwa furaha ya kweli. "Jana mkurugenzi alipita hapa. Mkuu alisema lile kabati lilivyo ni kama kamba ya kuanikia nguo, tutaaibika. Nimelishughulikia asubuhi nzima. Mkurugenzi mwenyewe alisimama, akasema, hii ndiyo taaluma."

"Umekata nyuzi zangu." Sauti ilikuwa chini mno.

"Eh?"

"Nimesema umekata nyuzi zangu. Mchana nilikuambia chomoa ya uzi wa buluu. Uzi wa buluu haupo. Ukanijibu ndiyo hiyo. Ulichomoa ipi?"

Injinia akashika tai. "Moja ya pembeni."

"Ya pembeni." Bi Nyuzi akafuata kwa kidole ile ya pembeni mpaka ilipotoka kabatini na kupanda ukutani. "Hii ni printa ya ofisi hii hapa. Umechomoa printa, ukahesabu kumi na saba, ukaruka ishirini na tano, ukaniambia jengo zima ni zima. Mimi nikakuamini. Saa mbili, Injinia. Saa mbili nzima nimetambaa chini ya meza za utawala kama mende kwa sababu ya printa yako! Kwa nini hukusema tu kwamba hujui ni ipi?"

"Ningesemaje sijui, dada? Mkuu alikuwa amesimama hapa, ananisikiliza."

Hapo ndipo hasira ya Bi Nyuzi, iliyokuwa inapanda ngazi polepole tangu asubuhi, ilifika darini. Kukata nyuzi ni ujinga, na ujinga una dawa. Lakini huyu mtu alijua kwamba hajui. Alijua, akahesabu kwa sauti ili ionekane anajua, huku damu ya mama wa watu inasubiri.

"Wewe," alinong'ona, "wodi ya wazazi kule juu watoto wanavishwa vitambulisho mkononi. Siku ukipita ukaona vitambulisho vinaharibu sura, utavikata? Kisha uwapange watoto vizuri, kwa urefu?"

"Dada, hilo sasa ni..."

"Nyamaza. Nakuuliza, uliyakuta matundu yote yamejaa?"

"Hapana. Moja lilikuwa wazi. Na kulikuwa na kebo inaning'inia ncha moja, imefungwa kitu chekundu. Ovyo kabisa. Nikaichomeka kwenye lile wazi, ikaisha."

Bi Nyuzi akafungua daftari ukurasa wa wodi, akasoma kwa sauti: "Namba thelathini na moja. Ya kupimia. Ncha moja imo kisandukuni, ncha ya pili inaning'inia kwa makusudi. Uzi mwekundu. *Usichomeke.*" Akainua uso. "Kikaratasi kilikuwa na neno hilohilo. Ulikisoma?"

"Nilikata kwanza."

Kwa asiye fundi, jambo lenyewe ni hili. Kebo yenye ncha zote mbili kwenye kisanduku kimoja ni karani anayejiandikia barua mwenyewe, anajijibu, na kila jibu anatoa nakala kwa ofisi zote. Barua inazaa barua, mpaka ofisi zote zimezama kwenye karatasi na barua ya kweli haina pa kupita. Karani ukimfukuza chumbani anatulia. Ukimrudisha, anachukua kalamu. Mkuu alikuwa amemfukuza na kumrudisha mara tisa.

"Mwanangu," sauti ikasema nyuma yao, "mnatafuta vile vinyuzi?"

Alikuwa mama wa usafi, ambaye hospitali nzima ilimwita Shangazi, mkononi ana fagio na mfuko wa plastiki umefungwa mdomo.

"Huyu mwenye tai jana alinipa nikatupe. Nikaviangalia. Nikasema, mtu hafungi fundo mara mbili kwenye kitu cha kutupwa. Nikaviweka stoo nyuma ya ndoo."

Bi Nyuzi akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Ndani yake zilijazana rangi zote, kila uzi na kikaratasi chake, kila kikaratasi na namba yake. Miaka miwili ya kabati hili. Kazi yote ilikuwepo, ila haikujua tena ni ya nani.

"Shangazi, Mungu akuweke," alisema. Kisha akamgeukia Injinia. "Umeona? Yeye hana stashahada."

*

Thelathini na moja haikuwa na alama tena, kwa hiyo ilibidi itafutwe kwa mkono. Bi Nyuzi alikata vibanio vya plastiki, kimoja baada ya kingine, na ule usafi wa Injinia ukabomoka ukamwagika hadi sakafuni. Alishika kebo shinani, akaifuata kwa vidole. Inatoka ukutani: siyo. Inatoka ukutani: siyo. Ya ishirini na moja haikutoka ukutani. Ilikunja kona nyuma ya chuma, ikapanda, ikarudi kwenye kisanduku kilekile ilikoanzia.

Akaichomoa. Moja. Mbili. Tatu. Hakufika kumi, taa zikatulia. Moja inapepesa, inanyamaza, nyingine inaitikia.

Wakati huohuo vigelegele vikasikika korido nzima. Muuguzi mmoja akachungulia mlangoni, simu mkononi. "Umerudi! Mkuu wenu ametangaza kwenye kundi la simu. Anasema ameizima seva mara ya kumi, akaiwasha kitaalamu, ikakubali!"

Bi Nyuzi akabaki na ile kebo mkononi.

Na kama vile siku haijamtosha, printa ya ofisi ya wauguzi ikakohoa ikaanza kutema karatasi. Kazi zilizokwama tangu asubuhi zilikuwa zinatoka, na kwa kuwa ni Injinia aliyepanga printa wiki iliyopita, za mkuu wa kitengo zilikuwa zinatokea wodini. Bi Nyuzi akaichukua ya juu. *Ripoti kwa Mkurugenzi: Chanzo cha Kukatika kwa Mtandao.* Juu kabisa pameandikwa saa iliyotumwa: mbili na dakika ishirini asubuhi. Kabla hata kebo moja haijachomolewa.

*Uchunguzi umebaini,* ilisema ripoti, *kuwa chanzo ni nyuzi na vikaratasi visivyo rasmi vilivyofungwa kwenye miundombinu na mtumishi asiye na sifa za kitaaluma, ambavyo ililazimu viondolewe kwa dharura.* Na chini, baada ya neno *Jina* na nukta mbili, yalikuwa majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, ambayo humo kazini hakuna aliyewahi kumwita.

Aliisoma mara mbili. Kisha akampa Injinia, naye akaisoma, shingo ikaingia ndani ya tai.

"Ulijua?"

"Alisema ataandika kitu. Sikujua ameandika hivi."

Bi Nyuzi akaitazama kebo mkononi mwake, na lile tundu lililo wazi. Ilikuwa shubiri moja tu. Angeirudisha, na katika nusu dakika hospitali nzima ingezimika tena, kisha angemwita mkuu na kundi lake zima la simu, achomoe mbele yao, achomeke, achomoe, achomeke, waone nani anajua na nani anabahatisha. Mkono ulianza kwenda. Ncha ya kebo ikagusa ukingo wa tundu.

Simu ikalia. Dada wa maabara.

"Bi Nyuzi, sema upesi, mnazima tena? Nimefika mgonjwa wa kumi na nne. Nisiandike ya kumi na tano kama mnazima."

Bi Nyuzi akaiondoa ncha kwenye tundu.

"Andika," alisema. "Haizimwi. Akija mtu kuizima mwambie mimi nimekataa."

Akakata ile ncha kwa mkasi, tap, akaitia mfukoni.

*

Alimkuta mkuu kwenye ngazi za jengo la utawala, mkoba begani, anatabasamu na simu yake.

"Bosi, haikuwa seva. Ilikuwa kebo wodini. Ilichomekwa ncha zote mbili jana, wakati kabati linapambwa."

"Mama, imepona. Mgonjwa akipona hatuulizi dawa."

"Ripoti yako imetokea wodini. Nimeisoma."

Tabasamu likapungua. "Ile ni rasimu."

"Rasimu ina jina langu na saa ya asubuhi. Uchunguzi ulifanyika lini, bosi? Ukiwa unaoga?"

Walinzi wawili waliokuwa karibu wakageuka. Mkuu akashusha sauti, lakini hakuweza kuishusha kama yeye.

"Sikiliza. Una ushahidi gani? Nimeiwasha ikakubali, watu wameona. Wewe una nyuzi. Tutaongea kesho."

"Saa mbili na nusu," alisema Bi Nyuzi. "Kabla hujaingia. Nina kisanduku changu nyumbani, cha matundu manane, hakijaungwa na hospitali wala na mtu. Nitakiweka mezani kwako na kompyuta mbili. Zitasalimiana vizuri. Kisha kebo moja itachomekwa ncha zote mbili, nawe utazima na kuwasha mara kumi, mara ishirini, mpaka kidole kiote sugu. Na mkurugenzi nitamwomba aje aangalie. Anataka jina? Atalisoma kwenye taa."

Aliyasema yote kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mkuu akashuka ngazi.

*

Alirudi kabatini. Hakutegemea kumkuta mtu, lakini Injinia alikuwepo, amekaa sakafuni, tai ameilegeza, mfuko wa nyuzi mbele yake. Alikuwa amezipanga kwa rangi.

"Si kwa rangi," alisema Bi Nyuzi. "Kwa namba."

Akazivuruga, akaanza upya. Baada ya muda akasema, bila kuinua uso, "Chuoni walichora visanduku ubaoni. Tulikuwa mia na themanini darasani. Nilipata alama ya juu kabisa. Kisanduku chenyewe nilikigusa mara ya kwanza hapa."

"Na mimi sikukufundisha?"

"Ulinifundisha. Nilikuwa naona aibu kuuliza mara ya pili."

Bi Nyuzi alitaka kulainika, alijiona anataka. Kisha akaikumbuka ile kumi na saba iliyoruka ishirini na tano, na moyo ukakaza.

"Kesho saa mbili na nusu uwe ofisini kwa mkuu. Ile kebo utaichomeka wewe, kwa mkono wako, useme kama ulivyoichomeka jana."

"Utaniandika jina?"

"Mimi nitaandika kilichotokea. Jina utalitaja mwenyewe."

"Na nisipokuja?"

"Nitaandika hukuja."

Alimpigia kaka yake kumwomba uzi mweupe wa kuungia zile zilizokatwa fupi mno. Kaka akataka kujua wa zamani umekwenda wapi.

"Umekatwa."

"Na nani?"

"Na mafundi."

"Fundi gani," kaka alifoka mpaka Injinia akasikia, "anakata fundo la fundi mwenzake? Mtu huyo hata kifungo asipewe!"

Wakafanya kazi. Bi Nyuzi anaishika kebo kabatini, Injinia anakwenda nayo kwa vidole korido nzima mpaka chumba inakoishia, anapiga kelele namba ya mlango, anarudi kutafuta uzi wake kwenye mfuko. Fundo lake la kwanza lilifunguka lilipovutwa. La pili likafunguka. Bi Nyuzi aliyafungua na yale yaliyoshika, akamrudishia uzi. "Mara mbili. Shangazi ameshakuambia."

Saa kumi na moja kengele ya zamu ikalia. Kebo kumi na moja zilikuwa na nyuzi zao, namba zote zimesahihishwa daftarini. Ya kumi na mbili Injinia aliifuata mpaka ofisi ya muuguzi mkuu, akajaribu kitasa.

"Pamefungwa," aliita. "Ameshaondoka na ufunguo. Niandike tu ni kompyuta? Ofisini lazima ni kompyuta."

"Umeiona?"

Jibu likatoka mwisho wa korido: "Sijaiona."

"Basi rudi."

Bi Nyuzi akaandika: *Kumi na mbili: inaingia ofisi ya muuguzi mkuu. Mlango umefungwa. Haijulikani. Kesho.* Akaiacha bila uzi, kebo thelathini na sita zikining'inia nyuma yake, akafunga mlango wa kabati. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliufunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni, pamoja na ile ncha iliyokatwa.